Kitambaa cha mama juu ya kompyuta

Gitega, Jumanne, mwisho wa mwezi wa nane. Jua kali tangu asubuhi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno, hakuna wingu.

Hamjambo ninyi mnaonisoma? Nyumbani kwenu wazima? Wale mlioniandikia kwamba mnaumwa, nimewataja katika maombi, na ningependa kujua mmeamkaje. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio sijui niseme nini juu yake.

Leo naandika kwa simu, kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie. Kompyuta yangu imekufa.

Wengine mtasema, mama Rehema, kompyuta tu? Si utapata nyingine siku moja? Ngoja niwaeleze. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mama yangu. Mama alifariki mwaka jana, na Jumamosi hii, kule kilimani kwetu Mwakiro, tunafanya kuganduka. Ninyi mliobaki Ngara, upande wa Tanzania, labda mmeshasahau neno hili: ni siku ambayo familia inakusanyika, inaongea, inakula pamoja, na msiba unaisha. Mdogo wangu Elia anavuka mpaka kuja kuisikia hiyo sauti. Ndiyo sababu pekee inayomleta.

Na sauti haipo tena.

Nianze na joto, maana huko ndiko nilikoharibu.

Mnajua nina chumba changu cha kuchapa barua hapa mjini. Watu wanaleta maombi ya kazi, mialiko ya harusi, barua za kwenda kwa mkuu wa mtaa. Chumba ni kidogo, bati juu, dari hakuna, na ukuta mmoja nimeshirikiana na tanuri la mikate la mama Zawadi. Wakati wa mvua ukuta ule ni baraka, hata viatu naanika hapo. Lakini kiangazi hiki! Bati linachoma kutoka juu, tanuri linachoma kutoka ubavuni, na kompyuta yangu, kuukuu, ile ya kulala chini na kioo kinakaa juu yake, iko katikati kama mkate.

Mwezi wa sita ilianza kuunguruma. Mwezi wa saba ikaanza kujizima. Ninachapa barua ya mtu, nimefika kwenye «kwa heshima kubwa», kioo kinakuwa cheusi. Nasubiri ipoe, nawasha, naanza upya. Mteja anaangalia saa yake na mimi naangalia ukuta.

Sikukaa bure. Kwanza niliivuta meza mbali na tanuri, ikabaki katikati ya chumba, watu wanaizunguka kama wako kwenye mazishi. Nikaweka matofali manne chini ya kompyuta ili upepo upite. Nikanunua feni. Mbele ya feni nikaweka beseni la maji. Dirishani nikatundika gunia lililolowa, kama tulivyofanya kambini, tulipokuwa wakimbizi, kwenye kile chumba cha kujifungulia akina mama, na kweli, kwa kuwa hewa ni kavu, lile gunia linasaidia, mkijaribu mtaniambia. Nikawa nafungua saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa tano nazima kila kitu, naandika kwa kalamu mpaka jioni.

Vumbi nalipuliza kwa pampu ya baiskeli, niliyoazima kwa yule mzee anayeziba pancha barabarani.

Siku moja nikapanda ngazi nikatandaza majani ya migomba juu ya bati. Mama Zawadi akatoka na unga mikononi, akasimama akanitazama.

“Eh, mama Rehema! Uko unajengea mbuzi nyumba?”

“Najengea kompyuta, jirani. Ina homa.”

“Homa? Basi ichukue kwa muganga! Ama uiombee, si nyinyi walokole munaponyesha?”

Tulicheka. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaiombea. Niliweka mkono juu yake nikaomba, na joto likapita kwenye kitambaa likaja mkononi kama paji la mtoto mgonjwa. Nikasema Bwana, itunze mpaka tuganduke tu, baada ya hapo hata ikifa sitalia.

Kwenye kitambaa, nimesema. Hapo ndipo penyewe.

Mama alifuma vitambaa maisha yake yote. Alijifunza kambini, Ngara, na uzi ulipokosekana alifumua masweta ya msaada. Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake, mtungi wa maji cha kwake, Biblia cha kwake. Niliponunua kompyuta hii mama aliifumia kitambaa cheupe chenye ua la njano katikati, kirefu, kinachoanguka mbele na nyuma. Mbele nilikuwa nakikunja nipate kitufe. Nyuma nilikiacha kianguke.

Siku niliyorudi kutoka kumzika, nilikifua, nikakinyoosha kwa pasi, nikakirudisha mahali pake, na nikamwambia Mungu kwa mdomo wangu: sikitoi hapa mpaka siku ya kuganduka. Wengine wanaacha kunyoa nywele, wengine wanavaa nguo ya aina moja. Mimi nilichagua hicho. Mwaka mzima sikukiinua. Hata nilipopuliza vumbi kwa pampu nilipuliza kwa mbele, chini ya mkunjo, kama mtu anayemlisha mtoto aliyelala.

Matofali, feni, beseni, gunia, migomba. Vyote hivyo, na kitambaa kiko pale pale, kimefunika mgongo wote.

Ijumaa iliyopita saa nne asubuhi ilitoa mlio mmoja mwembamba, kisha kimya. Nikangoja ipoe mpaka saa nane. Nikawasha. Kioo kikawaka, yakaja maandishi ya Kifaransa nisiyoyaelewa, kikabaki hapo hapo. Nikamwita Ramazani.

Ramazani ni fundi wa hapa mjini, mtoto wa washonaji wa zamani, mtu wa umri wangu, mpole. Aliingia, akasalimu, akavuta kitambaa.

Nikapiga kelele. “Acha! Usikitoe!”

Akaacha mkono juu. “Mama, bila kutoa iki kitu, mi ntaona aje ndani?”

“Ni cha msiba. Bado hatujaganduka.”

Akashusha mkono. Yeye ni Mwislamu, wao wana taratibu zao za msiba, na anaheshimu za wengine. Kisha akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya mashine, chini ya kitambaa, akautoa.

“Bon. Mama, leta mukono yako hapa. Sikia.” Nikaingiza mkono. Palikuwa pa moto bado, na ilikuwa haijafanya kazi ya maana tangu asubuhi. “Hii ndiyo pua yake. Inapumulia hapa. Sasa weye umeifunika blanketi mwaka muzima, halafu mbele unaipepea na feni. Ni kama mutu umemuziba pua, unamupepea miguu.”

Nikainua kioo. Nikakitoa kitambaa mwenyewe, sikutaka atoe yeye. Upande wa nyuma uzi ulikuwa umegeuka rangi ya chai, kama pasi ilisahauliwa juu yake. Na pale kwenye matundu vumbi lilikuwa limelala nene, limeshikana, unaweza kulichambua kama pamba.

“Joto peke yake hapana,” Ramazani akasema, nafikiri kwa kunihurumia. “Na kuranti ya umeme kukatika-katika nayo imechangia. Lakini joto ndiyo ilianza.”

“Nina kitu kimoja tu humo,” nikamwambia. “Vingine vyote acha vipotee. Sauti ya mama yangu.”

“Una kopi fasi ingine?”

“Sina.”

Akanitazama. Fundi akikutazama hivyo unajua. Akafungua, akatoa ile diski, akaifunga kwenye leso yake akaenda nayo. Nikakaa siku tatu nikifunga chakula na kuomba. Jumapili kanisani wimbo ulipoanza sikuimba.

Sasa mtauliza kwa nini sikuwa na nakala. Nimechapia watu wa mji huu kila kitu, najua kunakili. Hapa ndipo ninapotaka kuyasema yale ambayo sijamwambia mtu, hata mchungaji.

Mama alikuja kukaa kwangu Gitega kutibiwa. Alipoona dawa hazisaidii, alinishika mkono akasema anataka kumwambia Elia maneno, na kwa simu hawezi, kwa sababu Elia hapokei akiona namba yetu. Nikaunganisha kwenye kompyuta vile vya masikioni vyenye kipaza sauti, nikamvalisha, nikabonyeza.

“Sasa toka nje,” mama akasema. “Ni maneno yangu na mtoto wangu.”

Nikatoka. Nikasimama kwa mama Zawadi nikimsaidia kupanga mikate. Baadaye mama akaita, nikaingia nikazima. Akasema, “Mtumie leo.” Nikasema ndiyo mama.

Alipojilaza mchana huo, nikavaa vile vya masikioni nikasikiliza.

Lazima mjue jambo moja la zamani. Siku ya kurudi Burundi, malori yamejaa, mama amekaa juu ya magunia, Elia alikataa kupanda. Alikuwa ameoa Ngara, alikuwa na shamba dogo, akasema amechoka kukimbia, hata kukimbilia nyumbani. Mama akalia. Mimi nikashuka kwenye lori, nikamsogelea, nikamwambia karibu na sikio, watu wasisikie: “Basi baki. Na siku mama akifa, usije. Usithubutu kuja.”

Nilidhani mama hakusikia.

Alisikia. Miaka yote ile alijua na hakunigusia hata mara moja. Nilimsikia kwenye sauti ile akimwambia Elia. Na mimi, badala ya kuona aibu, nilikasirika. Nikasema moyoni, ananisengenya kwa mtoto aliyetukimbia, ndani ya chumba changu, kwenye mashine yangu. Nikafunga. Sikutuma.

Jioni akauliza, “Umetuma?” Nikasema nimetuma.

Kesho yake: “Amejibu?” Nikasema, bado, mama.

Aliuliza kila siku. Wiki saba. Aliuliza akiwa anakula, aliuliza nikimwosha, mwishoni alikuwa hasemi neno zima, ananiangalia tu na kuinua nyusi, na mimi nikajua anauliza hilo. Na nikasema, bado, mama. Bado. Ni mtu wa shughuli nyingi.

Amekufa akiamini kwamba mwanawe alimsikia akakataa kumjibu.

Mazishini Elia hakuja. Watu wa kilima chetu wakasema ni mtoto asiye na moyo, Tanzania imemharibu. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye mkeka. Nikatikisa kichwa pamoja nao.

Kwa hiyo mnaona. Kile kitambaa nilisema ni cha msiba na ni kweli ni cha msiba. Lakini nilikuwa pia sitaki kuifungua ile mashine na kukutana na ile sauti. Nakala ingekuwa sauti ile mara mbili. Sikutaka hata ile moja, na sikuthubutu kuifuta. Nikaifunika.

Wiki mbili zilizopita familia ilipanga siku. Nikapiga Ngara kwa namba ya jirani yake, wakamwita. Nikamwambia mama aliacha sauti. Nikaongeza uongo mwingine, nikasema nimeiona majuzi tu, katika kupekua.

“Dada,” akasema, “ni yeye kweli? Anaongea?”

“Ni yeye. Anaongea na wewe.”

“Usiniambie amesema nini. Usiniambie kitu. Nakuja nimsikie mwenyewe.”

Leo saa sita Ramazani alinipigia niende kwenye banda lake sokoni. Alikuwa ameifunga ile diski kwenye mashine nyingine, imezungukwa na nyaya. Akafuta kiti kwa mkono, nikakaa, akanivalisha vile vya masikioni kama nilivyomvalisha mama.

Kwanza jogoo. Kisha kiti kinalia. Kisha mama: “Imeanza hii?” Anakohoa. Kisha anasema, kwa sauti ile ya kuita mtu aliye ng'ambo ya bonde, maana hakuamini kitu kidogo vile kinaweza kumsikia: “Elia, mwanangu. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto hawajambo, wamekula?”

Halafu mkwaruzo. Halafu hakuna.

“Inaishia hapo, mama,” Ramazani akasema. “Nimejaribu njia zote. Ile ingine imeungua.” Kisha akageuka akaanza kutafuta bisibisi, na bisibisi ilikuwa mkononi mwake.

Nilitembea kurudi. Jua la saa saba, barabara nzima nyeupe. Na niwaambie shetani alivyo mwepesi, njiani hapo hapo alinipa mpango mzuri kabisa. Akasema: hakuna mtu aliyesikia ila wewe. Mwambie Elia kompyuta imeungua, umpe yale matamu, yale yako yaache yaungue nayo. Nani atajua? Nilitembea na mpango huo mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno.

Nikaingia. Kompyuta iko mezani imefunguliwa tumbo, na kitambaa nimekikunja juu ya kiti, ule upande wa rangi ya chai uko juu. Nikakaa chini sakafuni, mahali penye ubaridi.

Nimeamua kuandika hapa, kwenu nyote, na si kwa Elia peke yake. Walimsema mbele ya watu, na mimi niliwaacha waseme. Nimsafishe mbele ya watu. Wale wa Mwakiro mnaosoma, mkamsomee na asiye na simu.

Elia, mdogo wangu. Najua unasoma ukurasa huu, uliniambia mwenyewe kwenye simu kwamba unaufuata bila kuandika kitu. Jana nilikupigia niseme haya nikaishia kukuuliza habari za mvua.

Ulisema nisikuambie. Nisamehe, sina njia nyingine tena. Haya ndiyo aliyosema, kama ninavyoyakumbuka, na nimeyasikia mara moja tu lakini sijayasahau.

Alisema parachichi ulilopanda nyuma ya nyumba kabla hatujakimbia lilikutwa bado limesimama na linazaa, na kila akila alikuwa anasema hili ni la Elia.

Alisema hakukasirika ulipobaki. Alisema, “Hata mimi nilikuwa nimechoka, ila mimi nilikuwa na makaburi ya kurudia.”

Kisha akasema: “Dada yako alikuambia neno siku ya malori. Nililisikia. Yeye hajui. Usilishike. Yule moyo wake unawaka haraka na mwenyewe ndiye anaungua, msamehe. Yeye alisema usije. Mimi ndiye mama yako, nasema njoo. Njoo nikiwa bado naona.”

Ndivyo alivyosema. Nikiwa bado naona. Na ulikuwa na wiki saba, na mimi nilizikalia.

Hukukataa kuja. Hukuitwa. Nataka kila mtu ajue hivyo.

Jumamosi, ikifika zamu ya familia kuongea, nitasimama niyaseme haya kwa mdomo, wewe ukiwepo au usipokuwepo. Kitambaa nitakileta. Nilitaka kukifua, lile doa halitoki, basi nitakileta hivyo hivyo. Ramazani ameweka kile kipande cha sauti kwenye kadi, na safari hii amefanya nakala tatu, moja nimeivaa shingoni. Ni sekunde chache. Ni salamu tu. Mimi nilidhani mtu akipewa salamu tu amepewa kitu kidogo, leo sijui tena.

Sikuombi unisamehe. Mama alishaniombea na nikayaficha maneno yake, sina uso wa kuomba mara ya pili. Kama umeamua usivuke mpaka pale Kobero kwa sababu hakuna tena cha kusikia, nitaelewa, na kama ukivuka usinisalimie, nitaelewa pia, nitakupisha mlangoni.

Ila mama amekuuliza. Hujambo? Mkeo hajambo? Watoto wamekula? Ni zaidi ya mwaka sasa, na kila siku nilimwambia bado.

Nijibu, Elia. Hata neno moja. Nijibu upesi, kabla ya Jumamosi, nipate cha kwenda kumwambia mama pale kaburini.